Bunduki za Captain Alex zilikuwa za mbao, na Hollywood imechelewa kufika

Kabla hujaniuliza kama nimeingia ujambazi, tulia. Leo naandika kuhusu bunduki, lakini za muvi. Zile tumeziona tangu tukiwa watoto, ambazo ukitoka kibandani unaokota kijiti cha mhogo na kuanza kufanya "tratatata" mpaka mate yanaisha mdomoni.

Nina madai, na nitayatetea mpaka mwisho. Bunduki za maana zaidi kwenye historia ya muvi za majambazi hazikutoka California. Zilitengenezwa Wakaliga, mtaa wa Kampala, kama kilomita 200 tu kutoka geti la Busia. Zilikuwa za mbao na chuma chakavu. Muvi yenyewe ni Who Killed Captain Alex?, ya mwaka 2010. Na ilichukua Hollywood zaidi ya miaka 10, pamoja na matanga, kuanza kufikiria kitu ambacho watu wa Wakaliga walikuwa wanafanya kila siku kwa sababu tu hawakuwa na pesa.

Najua unacheka. Hata mimi nilikuwa nacheka. Kisha siku moja nikalazwa kifudifudi kando ya barabara na askari kwa sababu ya bunduki ya mbao, na kicheko kikaisha. Tutafika huko.

Shule yetu ilikuwa kibanda

Mimi ni mtoto wa Rukala, huku mpakani, kati ya Busia na Malaba. Kwa wale hamjafika: huku redio moja inashika Kiswahili, Luganda na Kiteso bila kugusa kitu, mfukoni una shilingi za nchi mbili, na malori yamepanga foleni mpaka unasahau kama kuna barabara chini yake. Neno boda boda lilizaliwa huku, kwa jamaa wa baiskeli waliokuwa wanabeba watu kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Hiyo heshima hatupewi, lakini tunaijua.

Muvi pia zilitujia kutoka pande mbili. Upande wa Kenya kulikuwa na DJ Afro, anatafsiri kwa Kiswahili cha mtaa. Upande wa Uganda kulikuwa na VJ Jingo, anatafsiri kwa Luganda. Kibanda chetu kilikuwa cha mabati, na magunia yamening'inizwa mlangoni kuzuia mwanga. Unalipa ashu, unakaa kwenye benchi la ubao mmoja, na jenereta inanguruma nje kama matatu iliyokwama. Leo Arnold Schwarzenegger anaongea Kiswahili, kesho anaongea Luganda. Kiingereza chake tulikuja kukisikia tukiwa wakubwa, na tukaona ni kama anatuigiza.

Kibandani kulikuwa na sheria. Kuna staring na kuna adui. Staring hafi. Risasi za adui hazimpati staring hata akisimama wima katikati ya uwanja. Na risasi za staring haziishi.

Hiyo sheria ya mwisho tuliiamini kabisa. Chukua Commando, ya mwaka 1985. John Matrix ni mwanajeshi mstaafu, bintiye ametekwa, kwa hivyo anaingia kwenye kisiwa peke yake na anamaliza karibu kila mtu. Moja ya silaha zake ni M60. Hii ni bunduki ya kweli ya jeshi la Marekani, ina uzito wa kama kilo 10 na nusu bila risasi. Kawaida inawekwa chini kwenye miguu yake, askari analala nyuma yake. Matrix anaishika kwa mikono kama anabeba mkungu wa ndizi.

Sasa fanya hesabu. M60 inatoa risasi kama 550 kwa dakika. Ukiwa na mshipi wa risasi 100, ukibonyeza bila kuachilia, umemaliza kwa sekunde 11. AK-47, ile unaiona kwa askari wa pande zote mbili hapa mpakani, magazini yake ya kawaida inabeba risasi 30 na inatoa kama 600 kwa dakika. Hiyo ni sekunde tatu. Tatu! Hujamaliza hata kupiga kelele. Kwenye muvi jamaa anafyatua mpaka unaenda kununua njugu karanga, unarudi, bado anafyatua.

Kwenye hiyo Commando kuna yule dada Cindy, anachukua mtambo wa roketi wenye midomo minne kumwokoa Matrix, na mara ya kwanza anaushika kinyumenyume, roketi inaenda nyuma. Kibanda kizima kilikuwa kinalala kwa kicheko. Nikiangalia sasa, Cindy ndiye mtu pekee wa kawaida kwenye hiyo muvi. Yeye tu ndiye anashika silaha kama mtu ambaye hajawahi kuishika.

Wengine wote walitufundisha kitu kimoja: bunduki ndiyo inamfanya mtu awe mtu. Na si sisi watoto wa mabati tu tuliofunzwa hivyo. Mwaka 1971 ilitoka Dirty Harry. Clint Eastwood ni polisi wa San Francisco, anabeba bastola ya Smith & Wesson Model 29, inayotumia risasi za .44 Magnum. Hiyo bastola ilikuwepo tangu miaka ya 1950, na wengi walioipenda walikuwa wawindaji. Muvi ikatoka, na watu Marekani wakaanza kuitafuta mpaka ikawa shida kuipata madukani. Kama watu wazima wenye kazi na leseni walidanganywa na skrini, sisi wa kijiti cha mhogo tungefanya nini?

Jinsi Hollywood ilivyokuwa inafanya

Hapa lazima tuelewane, kwa sababu kila kitu kinategemea hii sehemu.

Kwa miaka mingi, bunduki nyingi za muvi za Marekani zilikuwa bunduki za kweli. Chuma chenyewe. Kilichobadilishwa ni risasi. Risasi ya kawaida ina ganda, ndani kuna baruti, nyuma kuna kijisahani cha kuwasha hiyo baruti, na mbele kuna kichwa, kile kipande cha chuma kinachoruka na kuua. Kwa muvi wanatumia risasi isiyo na kichwa. Baruti inawaka, moto unatoka mdomoni, mlio unatoka, ganda linaruka pembeni, lakini hakuna kichwa kinachoruka mbele.

Ndio maana zinaonekana kweli. Ni kweli! Kilichotolewa ni kipande kidogo kisichozidi ncha ya kidole chako. Uongo wote wa hiyo muvi umening'inia kwenye hicho kipande. Mtu mmoja akisahau kukagua, uongo unakuwa ukweli.

Wakaliga

Sasa vuka mpaka nami. Isaac Nabwana, ambaye anajiita Nabwana IGG, alizaliwa mwaka 1973. Muvi nyingi za utotoni mwake hakuziona. Ndugu zake wakubwa ndio walikuwa wanaenda kwenye ukumbi, wakirudi wanamsimulia. Kwa hivyo alijenga Hollywood yake kichwani kutokana na maneno ya watu. Alipokuwa mkubwa alifyatua matofali, akajifunza kutengeneza kompyuta, na katikati ya miaka ya 2000 akaanza kupiga picha za vidio. Kampuni yake ni Ramon Film Productions, lakini dunia inaijua kama Wakaliwood.

Kama mtu aliyeacha kampasi mwaka wa pili sababu ya karo, hii sehemu ya stori huwa inanipata mahali. Sijasema muache shule. Nasema tu huyu mzee hakungoja cheti.

Who Killed Captain Alex? ni muvi ya majambazi na jeshi. Kapteni Alex anatumwa kumaliza genge linaloitwa Tiger Mafia, linaloongozwa na Richard. Alex anamkamata ndugu ya Richard, Richard anataka kisasi. Kisha, na hapa ndipo sheria ya kibanda inavunjwa, staring anakufa. Katikati ya muvi! Anapatikana amekufa na hakuna anayejua nani kafanya. Ndugu yake Alex, anaitwa Bruce U, bingwa wa kung fu, anakuja kutafuta muuaji. Muvi inaisha na bado hatuambiwi. Jina la muvi ni swali, na swali linabaki hivyo mpaka leo.

Bajeti yake inatajwa kuwa chini ya dola 200. Kwa pesa zetu za wakati huo hiyo ni kama shilingi 15,000. Kuna watu hapa wamenunua viatu vya bei hiyo. Kompyuta aliyotumia aliiunga mwenyewe kutoka kwa vipande vya kompyuta za zamani.

Na bunduki? Fundi wao mkuu wa vifaa ni Dauda Bisaso. Mabomba, vipande vya magari, mbao, chochote ambacho mwenye skrepu angepima kwa kilo, yeye anakichomelea mpaka kinapata sura ya silaha. Hata helikopta nzima aliichomelea pale uani. Hizo bunduki hazifyatui chochote. Hakuna baruti, hakuna ganda, hakuna moto. Mwigizaji anajitingisha mwenyewe, mabega yanaruka, uso unakunjamana, kisha Nabwana anaingia kwenye kompyuta na kuongeza moto, mlio na moshi, risasi moja baada ya nyingine. Damu ilikuwa rangi ya chakula ndani ya kondomu. Walikuwa wametumia damu ya ng'ombe hapo awali, wakaacha kwa sababu ya afya ya waigizaji.

Ukiangalia vizuri unaona kila kitu. Unaona bunduki ni nyepesi kwa jinsi mtu anavyokimbia nayo. Unaona moto wa kompyuta haujakaa sawa na mdomo wa bunduki. Na VJ Emmie, ambaye sauti yake imewekwa juu ya muvi yote, anakutania humo humo, anashangilia, anacheka na wewe. Hiyo sauti huwezi kuitoa hata ukitaka, kwa sababu Nabwana alilazimika kufuta muvi asilia kwenye kompyuta ili apate nafasi ya kutengeneza nyingine. Nakala iliyobaki ni ile ya DVD yenye VJ. Muvi yenyewe ilifutwa, kibanda kikabaki ndani yake.

Walivyoiuza ndio inaniua. Waigizaji wenyewe walikuwa wanatembea mlango kwa mlango na DVD, wakishindana na watu wa kunakili kabla nakala feki hazijajaa mtaani. Yaani jambazi aliyekufa jana kwenye skrini, leo yuko mlangoni kwako anakuuliza utachukua ngapi.

Trela ikawekwa kwenye YouTube mwaka 2010 na dunia ikaanza kuangalia. Mwaka 2015 waliomba watu kwenye intaneti dola 160 za kutengeneza muvi nyingine, wakachangiwa zaidi ya dola 13,000. Mwaka 2019 muvi yao Crazy World ikaonyeshwa kwenye tamasha kubwa la filamu la Toronto, Kanada. Bunduki za skrepu zikafika huko.

Nani aliwaua wale wengine?

Sasa turudi Hollywood, kwa ile risasi isiyo na kichwa.

Machi 31, 1993, North Carolina. Brandon Lee, mtoto wa Bruce Lee, alikuwa na miaka 28 na anaigiza kwenye The Crow. Siku za nyuma kwenye hiyo seti walihitaji picha ya karibu ya bastola ikiwa na risasi ndani, kwa hivyo wakachukua risasi za kweli, wakatoa baruti, wakarudisha vichwa. Lakini kile kijisahani cha nyuma kilibaki kwenye mojawapo. Kikawaka, kikasukuma kichwa kidogo tu, kikakwama ndani ya mtutu. Hakuna aliyeona. Baadaye bastola hiyo hiyo ikawekwa risasi isiyo na kichwa kwa ajili ya onyesho lingine. Baruti ikawaka, ikasukuma kile kichwa kilichokwama, na Brandon akaanguka. Alifanyiwa upasuaji, akafa siku hiyo hiyo.

Kumbuka Bruce Lee ni nani kwetu. Kila kibanda Afrika Mashariki kilikuwa na picha yake. Yule Bruce U wa Captain Alex amebeba jina lake. Na mtoto wake aliuawa na bunduki ya muvi.

Unafikiri walijifunza? Oktoba 21, 2021, New Mexico, muvi inaitwa Rust. Bastola ya mtindo wa kizamani wa Colt .45 ilikuwa mkononi mwa Alec Baldwin, watu wameambiwa iko salama, kumbe ndani kuna risasi kamili. Ikampiga Halyna Hutchins, mpiga picha mkuu wa hiyo muvi, akafa. Mkurugenzi Joel Souza akajeruhiwa. Mwaka 2024 msimamizi wa silaha wa hiyo muvi alihukumiwa kifungo cha miezi 18.

Wiki mbili hivi baada ya kile kifo, Dwayne Johnson akatangaza kwamba kampuni yake haitatumia tena bunduki za kweli kwenye muvi zake. Watatumia za mpira, na moto utaongezwa kwenye kompyuta. Watu wakampongeza, na alistahili.

Lakini hebu soma tena hiyo sentensi polepole. Bunduki ya bandia, moto wa kompyuta. Hiyo ni Wakaliga, 2010! Kampuni yenye mamilioni ya dola imefika mahali ambapo Dauda alikuwa amesimama na mashine yake ya kuchomelea miaka 11 kabla. Tofauti ni kwamba Hollywood ilihitaji mazishi ili ifike.

Ningeishia hapa ingekuwa stori tamu. Afrika imeshinda, sote tupige makofi. Lakini mimi naishi mpakani, na mpakani stori huwa haiishii hapo.

Kukhu na mahindi

Mwaka jana mimi na mabeshte wangu wawili tulianza kutengeneza vichekesho vya majambazi. Stori ilikuwa ya genge la kuvusha sukari usiku. Tulimwomba fundi seremala mabaki ya mbao, tukachonga AK. Wasee, ilitoka vizuri. Vizuri sana. Magazini imepinda sawasawa, mtutu ni kipande cha bomba la maji, na tukaipaka rangi nyeusi ya viatu mpaka ikang'aa. Nilijivunia hiyo kitu kuliko chochote nilichowahi kuandika kampasi. Nilitaka ionekane ya kweli. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu.

Jioni moja, jua linazama, mwanga mzuri, tukaenda kurekodi kando ya njia. Beshte yangu anakimbia na AK, mimi niko nyuma na simu. Askari wawili waliokuwa kwenye doria wakatokea kwenye kona. Sikusikia amri ya kwanza. Nilisikia mlio wa bunduki ikikokiwa. Huo mlio nimeusikia mara elfu kwenye muvi, na siku hiyo nilijua papo hapo kwamba sijawahi kuusikia.

Tukalala chini, midomo kwenye vumbi. Mmoja akaokota AK yetu, akaigonga kwa kidole, akaanza kucheka. Mwenzake hakucheka. Mikono yake ilikuwa inatetemeka kuliko yangu. Akaniuliza, "Unajua ningefanya nini?" Nilijua. Yeye pia ana watoto nyumbani, na sekunde mbili tu zilikuwa zimebaki.

Walituachilia baada ya kumwita Kukhu, nyanya yangu. Alikuja na leso kiunoni, akawashukuru wale askari mmoja mmoja, akachukua ile bunduki ya mbao, akaibeba kwapani kama kuni mpaka nyumbani. Hakuniambia neno njiani.

Usiku ndio akaongea. Aliniambia kuhusu Desemba 1987. Hii kwenye historia iko, lakini mimi shuleni sikufunzwa. Kenya na Uganda zilikuwa zimegombana, Moi upande huu na Museveni upande ule, na majeshi yakarushiana risasi hapa hapa Busia kwa siku kadhaa. Mpaka ukafungwa, watu wakafa. Kabla ya mwaka kuisha marais wawili wakakutana Malaba kutuliza mambo. Kukhu alikuwa mama kijana, baba yangu ana miaka saba. Alimlaza chini ya kitanda, akalala juu yake.

Nikamuuliza zilikuwa zinalia vipi. Nilitarajia "tratatata." Akasema, "Kama mahindi makavu yakikaangwa kwa nyumba ya jirani. Unasikia kapu, kapu, kapu. Halafu unangoja kujua ni nyumba ya nani."

Asubuhi nilimkuta jikoni. AK yangu ilikuwa imeshapasuliwa, iko mekoni, na sufuria ya chai juu yake. Akanimiminia kikombe. "Kunywa bunduki yako," akaniambia.

Kilichonipata kichwani

Kwa hivyo madai yangu yamebadilika kidogo, na nataka kuwa mkweli kwenu.

Nilifikiri bunduki za Wakaliga ni bora kwa sababu ni za mbao. Lakini yangu pia ilikuwa ya mbao, na ilikaribia kutuua watatu. Si kwamba mbao ni salama. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inajua hilo. Kifungu cha 34 kinagusa mpaka silaha za bandia. Ukitumia kitu chenye sura ya bunduki kufanya uhalifu, haikusaidii kusema kilikuwa cha seremala. Mwenye duka aliyeonyeshwa hicho kitu usiku hakuwa na nafasi ya kukigonga kwa kidole.

Tofauti ya Wakaliga ni kwamba uongo wao uko wazi. Wanarekodi mtaani kwao, mchana, majirani wamejaa wanaangalia, watoto wanakimbia kati ya majambazi waliokufa. Kila mtu pale anajua ni nini kinaendelea. Ukiangalia muvi unaona bomba ni bomba. VJ anakukumbusha kila dakika kwamba hii ni muvi. Hakuna anayedanganywa, na bado kila mtu anafurahi. Hollywood ilificha uongo wake vizuri mpaka watu wa seti wenyewe wakashindwa kujua ni lini si uongo tena. Mimi pia niliuficha wangu vizuri, kwa rangi ya viatu.

Kwenu nyinyi mnaorekodi vichekesho na simu, na najua mko wengi kuanzia Sofia hadi Malaba, hii ni ya kwenu. Usishindane na ukweli. Huna haja. Watu walipenda Captain Alex duniani kote, na hakuna hata mmoja aliyedhani zile ni AK. Mwambie mzee wa mtaa. Waambie majirani. Usirekodi jioni kando ya barabara ya mpaka kama sisi wajinga. Na usifanye kitu kiwe cha kweli kuliko kinavyohitajika.

Sisi tumerudi kazini. Kukhu aliruhusu, kwa masharti. Bunduki mpya lazima mtoto wa nasari aijue ni ya uongo akiwa ng'ambo ya barabara. Tukachonga, tukakaa chini kuchagua rangi. Njano na chungwa zina wenyewe huku Kenya, hatukutaka siasa. Tukapaka zambarau. Tumerekodi kwa uwanja wa kanisa, Jumamosi mchana, na Kukhu amekaa kwenye kiti cha plastiki anaangalia.

Kwenye ile muvi yetu staring anapigwa risasi dakika ya nne. Kukhu alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akauliza ni nani amemuua.

Bado hatujaamua.